Suruali za Mawaziri Wakuu

Kwa lugha ya alama tunayoitumia nchini kwetu, waziri mkuu ni kupandisha suruali. Unashika kiuno kwa mikono miwili, unavuta juu mara moja, basi, umeshamtaja kiongozi wa serikali. Nimefanya hivyo kwenye runinga ya taifa kwa zaidi ya miaka kumi, ndani ya kile kiduara cha mkalimani pembeni mwa skrini, nimevaa blauzi nyeusi na uso wa heshima zote, na hakuna mwenye masikio aliyewahi kuuliza.

Alama hiyo ilizaliwa siku ya uhuru. Mama yangu, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa mtoto wa shule, na walimu waliwapeleka uwanjani wakawakalisha mbele kabisa, eti viziwi hawapigi kelele. Waziri mkuu wa kwanza alivaa suti ya kuazima. Wenye masikio walisikia hotuba iliyowatoa machozi. Mama na wenzake waliona mtu mwembamba anayepigana na suruali yake: bendera inapanda, suruali inashuka, mkono mmoja uko kwenye saluti na mwingine kiunoni. Kufika jioni bweni zima lilikuwa limeshampa jina. Alipoondolewa na kutupwa ubalozini katika nchi ya baridi, jina likabaki na kiti.

Waliofuata kila mmoja alipewa lake. Wa pili ni Leso, maana alijifuta jasho hata akikaa chini ya feni. Alikamatwa na rafiki yake wa utotoni, mwanajeshi, ambaye sisi tunamwita Miwani Nyeusi, na jambo la kwanza alilofanya Miwani Nyeusi ni kukifuta kabisa cheo cha waziri mkuu, asije akapata mtu wa kumpumulia kisogoni. Kwa miaka mingi alama yetu haikuwa na mwenyewe. Mama anasema ulikuwa wakati mzuri kwa upande wa suruali, na mbaya kwa mengine yote. Cheo kiliporudishwa akaja Shika Tama, aliyesinzia bungeni, kwenye ndege, na safari moja akiwa amesimama wima wakati wa wimbo wa taifa. Kisha Kidole, aliyelifokea taifa kama darasa la hesabu, halafu kura zilipomgeuka akaangua kilio mbele ya kamera.

Mama ana elimu yake ya siasa, aliyoipata kwa kutazama runinga bila sauti. Waziri mkuu, anasema, huingia madarakani mwembamba. Mwaka wa kwanza ananenepa, fundi anaachia mshono wa kiuno. Halafu siku moja suruali inaanza kuteremka tena, na hapo ujue wenzake wameshaanza kumla. Redio itaendelea kumsifu, lakini huyo ameshakwenda. Elimu hii ilifeli mara moja tu, kwa Shika Tama, ambaye Mama alimpa mwezi mmoja naye akakaa miaka tisa. Ukimkumbusha anakujibu kwamba mtu yule alivaa mikanda ya mabegani, na huo ni udanganyifu. Ukizidi kumkumbusha anageuza uso, na kiziwi akishageuza uso, mazungumzo yamekwisha.

Waziri mkuu wa siku za mkasa huu alikuwa Meno. Alitabasamu kwenye harusi, kwenye mafuriko na kwenye mazishi. Mambo yalianza pale mjuaji mmoja alipokirekodi kiduara changu, akakikuza, akatia muziki na kueleza maana ya ile alama. Asubuhi yake nchi nzima ilikuwa inapandisha suruali. Watoto walipandisha, walinzi wa benki walipandisha, na Meno alipoingia bungeni kambi yote ya upinzani ilisimama na kupandisha kwa pamoja, wanawake kwa wanaume.

Katibu wake wa habari, mwanamke anayeongea utadhani anasoma taarifa ya habari, akanipigia simu.

"Dada, kuna alama mpya ya waziri mkuu. Kamati imeshaitengeneza."

"Kamati ya viziwi?"

"Kamati ya wataalamu."

Akanieleza. Mkono juu ya moyo, kisha unapaa hewani vidole vikifunguka kama jua linalochomoza, kisha unashuka polepole mpaka utosini.

"Nikimaliza kuifanya, hotuba itakuwa imekwisha," nikamwambia.

"Usipoifanya, kiduara kitakuwa kimekwisha," akajibu.

Nilikaa na simu mkononi. Kazi ningepata nyingine, sikuwa na wasiwasi wa kumwaga unga. Ila kiduara kile nilikiomba mwenyewe, kwa barua na kwa kusumbua watu, kwa sababu niliona tangu utotoni jinsi Mama anavyokaa mbele ya runinga akitazama midomo ya watu ikicheza kama ya samaki. Na kila siku nikitoka kazini alinisubiri mlangoni, ananiinulia dole gumba: nimekuona, nimeelewa yote. Dole gumba lile ndilo lililonifanya niamke na kurudi studio hata siku za homa. Sikuwa tayari kulipoteza kwa ajili ya suruali ya mtu.

Nikaomba Mheshimiwa aonane na viziwi kwanza. Katibu akafikiri kidogo, nadhani alikuwa anaiona picha kwenye gazeti, Mheshimiwa akimwinamia bibi kiziwi. Akakubali.

Mama alivaa viatu vyake vya kanisani na akaingia kwa waziri mkuu kama mkaguzi wa shule. Ukutani zilipangwa picha za mawaziri wakuu wote, kwenye fremu za dhahabu. Akazipitia moja moja kwa mikono, suruali, jasho, kusinzia, kidole, na kwenye Shika Tama akasimama akacheka kile kicheko chake kikubwa ambacho mwenyewe hakisikii. Mlinzi akachungulia mlangoni.

Meno akatoka nyuma ya meza, meno mbele. "Mwambie Mama namheshimu sana. Ila alama hii inaidhalilisha ofisi."

Mkalimani hasemi "Mama anasema." Mkalimani anasema "mimi." Ndiyo kanuni, na sijawahi kuivunja. Kwa hiyo Mama alipojibu, mimi ndiye niliyetamka, kwa sauti yangu: "Ofisi haina kiuno, Mheshimiwa."

Katibu akakohoa.

"Basi tunaomba tu mbadilishe," Meno akasema. "Kamati imejitahidi."

"Alama haitungwi na kamati. Watu wanaona kitu, mikono inakisema. Na wewe mkanda wako umeutoboa tundu jipya lini?"

Hapo nilisita. Mama akanikazia macho, nikasema yote kama yalivyo. Meno akashika mkanda wake. Ncha yake ilikuwa imezunguka mpaka karibu na mfuko wa nyuma, na lile tundu jipya lilikuwa limechongwa kwa msumari, si kazi ya fundi.

"Mwezi huu," akasema, na kwa mara ya kwanza sikumwona meno.

Mama akamweleza ile elimu yake yote, kuanzia suti ya kuazima. Nilipofika mahali pa kusema wenzako wameshaanza kukula, Meno akamtazama Katibu. "Tupishe kidogo." Katibu akatoka bila kupenda. Meno akavuta kiti karibu, akainama, akaninong'oneza, mbele ya kiziwi: "Ni nani?"

Mama akainua mikono. Alipoanza tena kunena alimtazama yeye, hakunitazama mimi.

"Siwezi kujua, kwa sababu sioni. Kile kiduara chenu ni kidogo kama kifungo cha shati, na macho yangu yamekula chumvi. Mwanangu yumo mle ndani miaka yote hii, na mimi naona blauzi nyeusi na kitu kinachochezacheza. Mwanzoni niliokoteza nusu. Siku hizi hata robo sipati. Kila siku namwambia nimeelewa yote, na sijaelewa."

Nilikuwa natamka huku nasikia ninachokitamka. Nilikuwa nasema "mwanangu" nikimaanisha mimi. Sauti ikanikatika. Meno akanitazama mimi, akamtazama Mama, hakujua ni nani kati yetu aliyenyamaza.

Mama akagonga meza kwa kiganja. Endelea, wewe ni mkalimani.

"Nikimwambia ataacha kazi," nikaendelea, "au atalia. Na akilia kidevu chake kinatetemeka, ndiyo maana tulimwita Kidevu tangu mchanga. Nageuza uso. Siwezi kukitazama."

Ilinichoma. Nilitaka kumaliza kikao pale pale, niende chooni nikae na kidevu changu. Lakini Mama alikuwa hajamaliza biashara yake.

"Unataka kiwe kikubwa kiasi gani?" Meno akauliza.

Mama akafungua mikono yote miwili kama anayepima pazia. Wakapatana robo ya skrini. Meno akainua simu akampigia mkurugenzi wa runinga: "Robo. Ndiyo, robo nzima. Kuanzia leo." Ya alama mpya hakuyataja. Akaiweka simu. "Sasa niambie, Mama."

Mama akaenda kwenye picha ya baraza la mawaziri, akaitazama kwa muda mrefu sana, akaweka kidole juu ya waziri wa ujenzi. "Huyu mwenye pua. Anapokupigia makofi, macho yake yako kwenye kiti chako."

Kwenye ngazi nikamsimamisha, nikamuuliza kwa mikono. Umejuaje habari za Pua?

Sijui, akajibu. Pua yake haijawahi kunifurahisha.

Mama! Mtu atafukuzwa kazi!

Mkanda niliuona kweli, akasema. Pua nilimtoa kafara ili nipate kiduara kikubwa.

Nikatia mikono mfukoni, na kwa watu wa nyumba yetu hilo ni tusi kubwa. Tulirudi nyumbani hivyo, mimi na mifuko yangu, yeye na viatu vyake vya kanisani. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu ya yule waziri asiye na hatia, ni kweli. Lakini zaidi nilikuwa na hasira kwa ajili ya dole gumba. Miaka yote ile nilikuwa najipongeza kwa kumfungulia mama yangu dunia, kumbe alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Meno alimfukuza Pua kabla wiki haijaisha. Ikaja kujulikana kwamba Pua ndiye peke yake aliyekuwa bado anamtetea, tena alikuwa na nusu ya wabunge mfukoni. Wabunge hao wakakasirika, kura ikapigwa, na Meno akaenda. Katika hotuba ya kuaga alipandisha suruali mara tatu. Ile kamati ya alama mpya ikavunjika pamoja na serikali yake, na waziri mkuu mpya akawa Pua mwenyewe. Magazeti yaliandika kurasa na kurasa juu ya chanzo cha mgogoro. Niliyasoma yote, na hakuna lililomtaja mama yangu.

Siku Pua alipoapishwa, mkurugenzi wa runinga hakujua kama amri ya robo ya skrini bado ipo au imeondoka na Meno, na hakuwa na ubavu wa kumuuliza mtu. Akaiacha. Nikasimama studio nikiwa mkubwa kuliko rais aliyekuwa anamwapisha. Cheo cha waziri mkuu kilipotajwa, nikashika kiuno kwa mikono miwili nikavuta juu, kama ilivyofanywa siku ya uhuru.

Nyumbani Mama alikuwa mlangoni. Hakuinua dole gumba. Alinirudishia hotuba nzima ya Pua kwa mikono yake, tangu salamu mpaka mwisho, ahadi za barabara, vitisho kwa wala rushwa, mzaha wake uliokosa wa kuucheka. Kisha akaanza kunikosoa. Bajeti uliikosea. Wilaya uliifanya haraka mno. Na mkono wako wa kushoto ni mvivu, umekuwa mvivu siku zote?

Siku zote, nikamjibu.

Miaka yote hii! akasema. Na mimi nakusifu!

Kidevu kikaanza kutetemeka. Nilisubiri ageuze uso. Hakugeuza, alisogea karibu akakitazama mpaka kilipotulia.