Daktari Asome Kwanza

Eti alikuwa daktari wa nini? Si wa sindano, la. Huyo Makau alikuwa daktari wa kusoma vitabu vya wanafunzi, na vitabu vyenyewe alikuwa hasomi. Sasa hiyo ni kazi gani? Ni kama mtu aitwe mpishi na hajawahi kuwasha moto. Chuo kimoja kikubwa huko Nairobi ndicho kilimpa amsimamie Wakio, binti ya Tryphena na Elijah wa hapa Chawia, mpaka amalize digrii yake ya pili, ile ya mambo ya mazingira. Supavaiza, ndivyo wanavyoitwa. Jina refu, kazi fupi.

Wakio naye alikuwa na kazi kweli kweli. Pale juu ya chemchemi kuna miti ya zamani, na kando yake mikaratusi ya kupandwa. Alitaka kujua miche ya kienyeji inaota wapi, na wapi inakataa. Basi akakata vipande vya ardhi, yeye anaviita ploti, akavizungushia kamba ya katani, akakataza watu kupeleka mbuzi. Kila msimu alikuwa anapiga magoti humo ndani, anahesabu miche, anaokota majani makavu anayatia kwa mizani. Watu wakacheka mpaka wakachoka. Msichana amesoma hivyo, kazi yake kupima takataka! Tryphena alikuwa hacheki. Haelewi, lakini hacheki. Mtoto akirudi na magoti yamechubuka, mama anampashia maji, basi.

Alipomaliza kuhesabu, Wakio akaandika kitabu chake, kikapigwa chapa huko Voi kwa Nasima mwenye mashine, akampelekea Makau. Makau akasema atasoma. Mvua ikanyesha, ikaisha, anasema atasoma. Akapelekewa kingine, eti kile cha kwanza hakijulikani kiko wapi. Atasoma! Mwaka ule baada ya El Nino, chuo nacho kikamwambia Wakio wazi: sahihi ya supavaiza isipofika kabla mwezi huu kuisha, jina lako tunalitoa. Miaka yote ile, magoti yote yale, yamwagike. Hapo ndipo Makau akakumbuka kwamba hawezi kutia sahihi kabla hajakuja mwenyewe kuona shamba la utafiti. Wanafunzi walikuwa wanamjua. Akisema anakuja kuona shamba, tafuta jogoo.

Sasa sikieni mambo ya Tryphena. Kwa masikio yake, maneno yalikuwa haya: mkubwa anatoka Nairobi kuja kukagua. Na mkubwa akija kukagua huku kwetu si tunajua anapokewaje? DO wa serikali akija, barabara inafagiwa, mawe yanapakwa chokaa, nyasi zinafyekwa mpaka mtu anajiona mgeni kwake. Wakio alikuwa ameteremka Mwatate kumngojea yule Daktari. Tryphena akaita akina mama wa kanisa. Jembe, panga, fagio, ndoo ya chokaa. Walifagia ule msitu jamani! Majani makavu yote wakachoma. Vimiche vyote wakang'oa, maana si ni magugu? Vile vijiti vya kufungia kamba wakavipaka chokaa vikawa vyeupe kama meno. Tryphena akasimama akaangalia, moyo ukajaa. Sasa mwanangu hataaibika.

Landrova ya chuo ikafika jua likiwa la utosi, imejaa mikungu ya ndizi mpaka dirishani. Makau alikuwa ametoka Mboghoni, kwa mwanafunzi mwingine, na huko pia alikula. Akashuka na tumbo mbele, kofia ya mzungu kichwani. Dereva wake, Muinde, alikuwa mwembamba kama mpini. Utadhani chakula chote cha safari kilikuwa kinashukia upande mmoja wa gari.

Wakio, aliyekuja nao kutoka Mwatate, alipofika kwenye miti na kuona, alikaa chini. Hakulia. Alikaa tu pale kwenye vumbi, mkono umeshika kijiti cheupe.

"Mama," akasema, "ni nani?"

"Ni sisi," Tryphena akajibu, na alikuwa bado anatabasamu. Halafu akaona uso wa mtoto, tabasamu likaanguka. "Ni mimi. Mimi ndiye niliwaita."

Makau akazunguka pale na mikono nyuma. Akatikisa kichwa. Na mwaona, hakuwa na huzuni yule. Alikuwa kama mtu aliyepata sababu aliyokuwa akiitafuta.

"Wakio, ploti ziko wapi? Mimi naona uwanja wa mpira. Bila ploti siwezi kutia sahihi. Utaanza upya, miaka miwili hivi. Huu ndio ujinga wa kijijini ninaowaambia kila siku."

"Daktari, nilimaliza kuhesabu mwaka jana. Hesabu iko kwa kitabu. Hata picha za ploti nimebandika, chapta ya tatu."

"Hizo nitaangalia nikifika Nairobi. Mama, nasikia harufu nzuri huko nyumbani, ama ni pua yangu?"

Wakateremka nyumbani. Tryphena alikuwa anatembea nyuma, miguu mizito. Ameua kazi ya mtoto wake kwa fagio lake mwenyewe, na mtu wa kumwambia ni ujinga ndiye huyu anayeuliza harufu. Lililomuuma ni kwamba ule ujinga ulikuwa wa kweli.

Jikoni kulikuwa na kuku na sufuria ya kimanga, ule mhogo wa kupondwa na maharagwe, na wale akina mama wote wanangoja na njaa ya kufagia. Makau akakaa kwenye kiti cha Elijah bila kuambiwa. Akajiona mkarimu. "Mzee, nenda pale kwa gari umtolee mama mkungu mmoja."

Elijah akaenda. Akarudi na mkungu begani, na mkononi ameshika kitu kinachonata. Alikuwa mtu wa maneno machache, akakiweka mezani tu. Kilikuwa ni kitabu cha Wakio, kimetandazwa chini ya ndizi ili utomvu usichafue kiti cha gari. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa utomvu, nyeusi. Chapa ya Nasima bado inaonekana pale juu: jina la msichana, jina la Chawia.

Akina mama wakasogea kukitazama.

"Ah," Makau akasema. "Huyu Muinde hupakia vibaya."

"Mimi?" Muinde akasema. "Daktari, si uliniambia nitandike hiyo karatasi?"

Tryphena akainuka. Akafunika sufuria ya kuku. Akafunika ya kimanga. Akaleta kitabu kingine kisafi kutoka chumbani kwa Wakio, akakiweka mbele ya mgeni, na kalamu juu yake.

"Mimi nilifagia kwa sababu sikujua," akasema. "Wewe ulijua, ukatandikia ndizi. Soma."

"Mama, jamani, kitabu kama hiki hakisomwi na njaa."

"Basi njaa itakuharakisha."

Makau akacheka. Akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. Wale akina mama wa kanisa walikuwa wamekaa wamekunja mikono, wanamtazama kama mahindi ya sufuriani yasiyotaka kuiva.

"Daktari, soma tu," Muinde akasema kwa sauti ya kuomba. "Mimi sijala tangu Mboghoni."

Basi akaanza. Mara ya kwanza alikuwa anapeperusha kurasa. Tryphena akamuuliza, "Mtoto wangu anasema nini kuhusu mkaratusi?" Makau akarudi ukurasa wa kwanza. Akaanza kusoma kweli. Alipofika kwenye zile picha za ploti, kamba na majani na miche yake, akavua kofia. Jua likateremka kwenye mlima. Akamuuliza Wakio swali, Wakio akajibu. Akauliza lingine, gumu. Wakabishana kuhusu jedwali moja, Makau akaonyesha pale hesabu imekosewa, na kweli ilikuwa imekosewa, Wakio akaisahihisha hapo hapo kwa kalamu. Kumbe alikuwa anajua kazi! Hapo ndipo Tryphena alimdharau zaidi. Asiyejua utamsamehe, lakini huyu alikuwa anajua siku zote akakalia.

Mwisho akafunga kitabu. "Ni kazi nzuri hii," akasema polepole, anatazama meza. Akatia sahihi kwenye karatasi ya chuo.

Wakio aliichukua ile karatasi akaipepea ikauke, mara nyingi kuliko wino ulivyohitaji. Tryphena akamwangalia mpaka akaipeleka chumbani na kurudi. Ndipo akafunua sufuria. Kuku alikuwa amepoa kabisa, na hakuna aliyejali. Elijah akapitisha maji ya kunawa, akaanza na Muinde, halafu akina mama, na Daktari akanawa wa mwisho. Wakasogezeana viti na mikeka, Wakio akabanana na mama yake kwenye benchi moja, wakakaa wote, wakala.