Posti ya Kwanza

Ng'ombe wa Kipkurui walikuwa wamemaliza sukuma wiki yote na nusu ya mboga za managu, kwa hiyo Jumatatu Rebeccah alipeleka majani yake ya chai kwenye kituo cha kupimia, akangoja yapimwe, kisha akaenda Litein kutafuta uzio wa mbao. Alikuwa mjane wa miaka miwili. Kipkurui alikuwa ndugu mkubwa wa marehemu mume wake, Mathew, na mashamba yao yalipakana nyuma ya kaburi lake.

Irungu, muuza mbao, alimweleza bila haraka. Baba yake alitoka Murang'a akafungua yadi ile ya mbao, naye Irungu alikuwa hajapata kumuuzia mtu mbao kabla ya kumfundisha.

"Blugamu ni rahisi, mama, lakini paka miguu ya posti oili chafu, mchwa wasile. Mutarakwa, huu mwerezi wetu, itawapata hadi wajukuu. Ofkati nayo, haya mabanzi ya pembeni ya gogo, inaziba kabisa, hata kuku hapiti. Shida yako ni gani?"

"Ng'ombe."

"Basi blugamu inatosha."

Ijumaa mashimo yalikuwa tayari. Huko kwao mwanamke hapandi uzio wa mpaka ikiwa kuna mwanamume wa ukoo aliye karibu, na Kipkurui alikuwa karibu, ng'ambo tu. Hakujileta. Rebeccah mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita kwa adabu, na chai akamwekea kwenye thamosi. Kipkurui alisimamisha posti ya kwanza, akaishindilia udongo kwa kisigino, akaomba, akanywa vikombe viwili, akaenda zake. Heshima si utumwa, wanasema. Wasemao hivyo hawajapanda uzio.

Jumamosi asubuhi uzio ulikuwa umesogea hatua moja kuelekea nyumbani kwa Rebeccah. Posti zote zilikuwa wima, misumari mahali pake, na mashimo ya jana yalikuwa yameshaota nyasi. Jumapili ulisogea hatua nyingine. Akapanga mawe mbele ya uzio. Jumatatu mawe yalikuwa upande wa Kipkurui.

Kwenye foleni ya kupima chai wanawake walilijadili jambo hilo vizuri.

"Blugamu ndivyo ilivyo, Mama Nelvine," mmoja alimwambia Rebeccah. "Inapenda maji. Labda inafuata tanki lako."

Chepchirchir, aliyekuwa mkubwa wao, alisema kwa sauti ndogo kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akamwona mke wa Kipkurui nyuma yake na gunia la majani, akaanza kuzungumzia mvua ya mawe.

Irungu hakushangaa. Alikagua ncha ya posti moja aliyoletewa na kusema ilikatwa mbichi. Mbao mbichi haijui kutulia. Akambadilishia, akampa mutarakwa iliyokauka miaka mitatu. Lori lilipofika, Kipkurui alikuwa tayari amesimama pale, mikono nyuma.

"Nilianza mimi, shemeji. Wacha nimalize mimi."

Mutarakwa ilienda nusu hatua kwa siku. Haikupumzika hata sikukuu.

Hapo Rebeccah akaanza kuogopa. Alimenya viazi akiwa ameelekea dirishani ili asiupe uzio mgongo. Alilala na gambuti miguuni. Alijua kwamba kati ya uzio na kaburi la Mathew zilikuwa zimebaki hatua tisa, na kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, alitoka kuzihesabu. Alimwomba Mungu mambo mengi, lakini hasa aliomba kaburi libaki upande wake, ili na yeye siku moja azikwe hapo bila kuomba ruhusa ya mtu. Alimpigia simu binti yake, Nelvine, aliyekuwa Nakuru.

"Mama, si ujaribu zile za simiti?" alisema Nelvine. Kisha mkubwa wake wa kazi akaingia, ikabidi akate.

Zilipobaki hatua mbili Rebeccah alileta ofkati. Safari hii aliamka mapema kuchimba shimo yeye mwenyewe, na alikuwa ameshainua ubao wa kwanza Kipkurui alipofika akiwa na koti la kanisani na wazee wawili wa kanisa.

"Shemeji," alisema kwa upole, "unapanda mpaka, na mimi niko hai?"

Wazee walitazama viatu vyao. Mmoja alisema ofkati ile ni nzuri, imenyooka, alinunua wapi. Rebeccah akasema Litein. Akampa Kipkurui ubao.

Ofkati ilikwenda mbio kuliko zote. Jumatano, saa moja asubuhi, Rebeccah akiwa ameshika sufuria ya maziwa, mbao zilijiinua juu ya kaburi, zikapita bila kugusa saruji, zikatua upande wa huku. Alilia akiwa amesimama, maziwa yakamwagikia kanga. Toka siku hiyo hakumwona tena Mathew, maana ofkati haina upenyo. Aliwasikia tu ng'ombe wakitafuna pale.

Mpimaji wa ardhi, kijana aitwaye Kepher, alikuja na utepe wake akapima kufuata uzio, kwani mpaka ni pale uzio ulipo. Alisifu kazi. Aliuliza kama kuna lolote la kuongeza.

"Nataka geti," alisema Rebeccah.

"Upande gani?"

"Kwa Mathew."

Kepher alisikitika kwa dhati. "Geti haliwezi kufungukia shamba la mtu mwingine, mama. Labda mwenyewe akubali."

Kipkurui, aliyekuwa amesimama kando yao, alikubali palepale. Hakuwa mtu mbaya katika jambo hilo.

"Geti la nini? Yeye awe anabisha tu. Nani atamnyima?"

Kepher akaliandika hilo kwenye fomu, Rebeccah akatia sahihi.

Jumapili, baada ya ibada, alichukua jembe dogo la kupalilia kaburi akausogelea uzio. Sasa ulikuwa hatua nne kutoka mlango wa jikoni. Akabisha mara tatu kwenye ubao.

"Hodi."

Uzio ulikaa kimya kidogo, kama watu waliosikia lakini hawataki kuinuka. Kisha ukasogea hatua moja, kumwelekea yeye. Rebeccah akarudi nyuma hatua moja, akabisha tena.