Mkono wa Kapteni

…kwa sababu kushoto ni kushoto, hilo halina mjadala, gurudumu la kuongeza miale lilikuwa upande wa kushoto wa bastola, nililiona kwa macho yangu, Kapteni akililaza kidole cha shahada juu yake na kulizungusha taratibu kabla ya kufyatua, sasa hawa watu wa kiwandani wameweka shimo lake kulia, kulia kwa nini, nani kawaambia kulia, naigeuza bastola huku na huku chini ya taa ya meza kama mtu anayekagua samaki wa jana, plastiki tupu, kijivu, nyepesi, mshono wa kiwandani unaonekana kuanzia mdomoni hadi kwenye mpini, na wameiuza kwa maneno makubwa, nakala halisi ya silaha ya Kapteni, yule wa kipindi cha chombo cha angani tulichokitazama mimi na kaka utotoni, halisi gani hii, ndiyo maana nimeking'oa kila kipande cha urembo wake na kukitengeneza upya kwa mikono yangu, pete za mdomoni kwa shaba nyekundu, gurudumu kwa shaba ya manjano, meno yake nimeyachonga kwa tupa ndogo kuliko zote, ile ninayoitumia kwa pete za ndoa za watu, jino baada ya jino mpaka shingo ikakataa kugeuka, na limetoka zuri, sijisifu, ukilizungusha linagonga tik tik kama saa, ila halina pa kukaa, kekee ninayo mkononi, plastiki imebanwa kwenye jiliwa, nitoboe shimo jipya kushoto au nitumie lao la kulia, jambo dogo kabisa, nimetoboa dhahabu za watu bila kupepesa jicho, leo naogopa kichezeo… sebuleni dada wa mazoezi, anayekuja kumnyoosha kaka viungo, anasema, "Haya mzee, jaribu tena, kamata, usiniangalie mimi, angalia mkono," na kaka yangu anajibu kitu mlango unakimeza, kisha tii, tii, tii, mpira unadunda sakafuni na kubingirika mpaka unagonga mlango wangu, kautupa tena, ule mpira wa manjano wa kuminyaminya, alishasema yeye si mtoto wa chekechea, mtu aliyeshona suti za mabwana harusi wa mtaa mzima leo apewe mpira, kiharusi kimemwachia mdomo wa kukataa kikachukua mkono, na kikachagua, hakikukosea nyumba, kikachukua wa kushoto, kingechukua wa kulia asingeshtuka sana, wa kulia kwake ulikuwa mgeni tu, wa kushikia kitambaa wakati mwenyewe anakata, kaka yangu ni mashoto tangu tumboni, mkasi wake wa mashoto aliuagiza mbali na hakuna fundi mwenzake aliyeweza kuuazima, ukiushika kwa kulia unatafuna kitambaa badala ya kukikata, na yeye akicheka, ndiyo maana haujaibiwa huu…

Dada wa mazoezi aliniita pembeni juzi, akasema kwa ile sauti yao ya chini, dada yangu, mkono wa kushoto huenda ukarudi na huenda usirudi, hatutauacha, lakini lazima aanze kujifunza wa kulia, kula, kufunga vifungo, hata kukata kitambaa akitaka, la sivyo utamlisha kwa kijiko mpaka mwisho, nikamwambia sawa, nitazungumza naye, nikazungumza, akaniangalia kwa jicho lile zima, akasema, "Mkono wangu ni huu, nitaungoja," kama mume anayengoja mke aliyerudi kwao, na kijiko akakiacha kilipo, mchuzi ukapoa, nikamlisha, akageuza uso, sikujua nani kati yetu alikuwa anaona aibu zaidi… hapo ndipo nikaifikiria bastola, nikasema mpira kaukataa, mkono wa kulia kaukataa, lakini Kapteni atamkataaje, hawezi kumkataa Kapteni, nitamwekea mkononi, mkono wa kushoto, gurudumu kwa kushoto palepale kidole kinapolala, na kidole kitakumbuka, vidole vina kumbukumbu zake, mimi ni sonara nisijue… na baba naye, huyu baba anatafuta nini kichwani mwangu saa hizi, anaingia na ufito wake na methali yake, samaki mkunje angali mbichi, paa, kwenye vifundo vya mkono wa kushoto, kila kaka alipochukua kijiko, kila alipochukua chaki, samaki mkunje, paa, mpaka siku ile kaka akainua uso, kamasi zinamtoka, akasema, "Kapteni naye ni mashoto, na chombo chote kinamtii," baba akasimama na ufito hewani, hajui Kapteni ni nani, mwenye chombo gani, akapiga, lakini alipiga kama mtu aliyepoteza hesabu, na kaka hakulia, tangu siku ile hakulia tena, na mimi, mdogo mtu, nisiye mashoto hata kidogo, nikahamisha kijiko changu nikakishika kwa kushoto, nikajimwagia mchuzi kifuani, nikapigwa na mimi, tukawa wawili, sikumwambia mtu sababu…

"Dada, hicho kitu kiko tayari?" anauliza yule wa mazoezi kutoka sebuleni, "Naja," namjibu, sijainuka, nitainukaje na gurudumu liko kiganjani, ngoja kwanza nimalize bamba, bamba halina ugomvi, ni kijibamba cha shaba cha kubandika kwenye mpini, nimekichonga yale maandishi ya watu wa nyota yaliyokuwa ubavuni mwa chombo, herufi zao za ajabu, tumbo zimelielekeza kusikotarajiwa, miguu imerushwa nyuma, mimi na kaka tulizichora kwa mkaa ukuta mzima wa nyuma ya nyumba mpaka mkono ukazijua wenyewe, sikuhitaji picha kuzichonga, na sasa nafanya tunavyofanya sisi wachongaji kabla ya kung'arisha, kwa sababu shaba inametameta na kudanganya, napaka masizi na mafuta kidogo kwenye michoro, napangusa juu, nakandamiza karatasi kwa kidole gumba, nabandua niangalie kama mistari ina kina sawa… ina kina sawa… BERGENA… nini hiki… nasoma tena, B, E, R, herufi za kawaida kabisa, za shule, karatasi ninayo mkononi na inasomeka, naangalia bamba, ni watu wa nyota, naangalia karatasi, ni Bergena, nalivuta boksi chini ya meza, hili hapa, BERGENA, kubwa, juu ya picha ya chombo, nami wiki zote hizi nilidhani ndilo jina la kampuni, kumbe ni la chombo chenyewe… karatasi huwa inageuza, hiyo najua, kila muhuri nauchonga kinyumenyume ili usomeke mbele, basi kama karatasi imegeuza na imesomeka, maana yake nilichochonga kilikuwa kimegeuzwa tayari, nani aligeuza, sikugeuza mimi, nilichonga nilichokiona, niliona wapi… kwa kinyozi, wapi kwingine, hatukuwa na televisheni, ilikuwa ya kinyozi, kaiweka juu kabisa, rafuni juu ya mlango, wateja wake waitazame wakiwa wanangoja, na sisi watoto tusionyolewa haturuhusiwi kuvuka kizingiti, tunasimama mlangoni, televisheni iko juu ya vichwa vyetu, hatuioni, tunaona kioo, kile kioo kikubwa cha kunyolea, ukutani, kinachotazamana na mlango, Kapteni wetu alikuwa kioo… alikuwa ndani ya kioo… mkono wake wa kushoto ni wa kulia, gurudumu la kushoto ni la kulia, kiwanda hakijakosea, tuliokosea ni sisi, watoto wawili kizingitini, kipindi kizima, miaka yote ile…

Sasa nifanye nini, kichwa kinanizunguka, natoboa kulia au kushoto, hapana, swali siyo hilo tena, swali ni nimwambie au nisimwambie, nikimwambia, kaka, Kapteni ni wa kulia, labda atasema ala, kumbe, na atachukua kijiko kwa kulia leo hii, na dada wa mazoezi atapiga makofi, au labda nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho, baba yuko kaburini na mimi ndiye nitakayemalizia kazi yake, samaki mkunje, paa, na safari hii bila ufito, nikinyamaza nikatoboa kushoto nitakuwa nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nampa bastola ya uongo aungoje mkono ambao huenda haurudi, nikiliacha shimo la kulia ataigeuza, ataona, ana macho ya fundi, ataona kabla hata sijaketi, ataniuliza mdogo wangu, mbona gurudumu liko huku, nitajibu nini, kiwanda kimekosea, ndiyo, nitasema kiwanda, hapana, njia ya mwongo fupi, Mungu wangu, mbona shimo dogo hivi limekuwa pana hivi… na huko sebuleni wanaongea, dada wa mazoezi anasema, "Mdogo wako ana kitu anakutengenezea, nimeambiwa nisikuambie," halafu sauti ya kaka, maneno yanatoka yamelalia upande mmoja, polepole, lakini yanatoka, "Bastola. Niliona boksi. Nasikia tupa," anapumua, "ya Kapteni," na dada anauliza Kapteni gani tena, mzee, na kaka anacheka, kile kicheko chake cha sasa kinachoanza kisha kinasahau njia, "Wa televisheni. Mdogo wangu anadhani… ni mashoto," dada, "Kwani si mashoto?" na kaka, "Wa kulia yule," nimeshika ukingo wa meza, "tulimwona kiooni. Siku moja baba kanipeleka kunyolewa, nikakaa kitini, kinyozi akakizungusha kiti… nikaona televisheni yenyewe. Kulia," na dada wa mazoezi anauliza, "Na hukumwambia mdogo wako?" na kaka, "Alikuwa anakula kwa shoto. Kwa ajili yangu. Anapigwa. Ningemwambiaje," kiti kinalia, "usimwambie na wewe"…

…alijua, alijua tangu zamani, alikaa kwenye kile kiti, akaona, akatoka amenyolewa akanikuta kizingitini, na hakusema kitu, jioni yake akachukua kijiko kwa kushoto mbele ya ufito wa baba, bila Kapteni yeyote nyuma yake, peke yake, na mimi pembeni najimwagia mchuzi nikidhani nampa nguvu, nami namficha kioo mtu aliyekiona kabla yangu, nacheka, nalia, nasema wazi, nalia hapa juu ya jiliwa kama mjinga, machozi yanadondokea plastiki, na sijui nimemhurumia nani, hakuwahi kuwa mashoto kwa sababu ya Kapteni, alikuwa mashoto kwa sababu ni mashoto, na akisema nitaungoja mkono wangu, hangoji kipindi cha televisheni, anangoja mkono wake, nani asingengoja… na mimi nimejifungia humu na tupa na taa, nachagua, kushoto kwa ajili yake, kulia kwa ajili yake, nimwambie kwa ajili yake, nisimwambie kwa ajili yake, ajabu, mteja akija na pete ya bati ya bei ya karanga namuuliza, unaitaka nene au nyembamba, unavaa mkono gani, kidole gani, sianzi kazi bila kuuliza, hiyo ndiyo kazi, na kaka yangu wa tumbo moja sijamuuliza hata neno moja, kama baba alivyokuwa hamuulizi… "Dada?" anaita tena wa mazoezi, "Naja," bado sijainuka, kekee iko palepale, plastiki iko kwenye jiliwa haijatobolewa popote, najifuta uso kwa kiwiko, mikono yote ina masizi, naja, nakuja nayo hivihivi, bastola huku, gurudumu kule, nitakaa mbele yake chini, na mimi niliyesemwa nisiambiwe nitajitia sijasikia chochote, nitamuuliza tu kama ninavyomuuliza mteja yeyote, kaka, wewe unataka tuliweke upande gani.