Majina Juu ya Dari ya Bi Shizue

Nyumba ilikuwa imekaa miaka tisa bila mtu, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya gari letu. Ndiyo maana mimi na mume wangu, Takeomi, hatukuiamini. Tukamwomba fundi Kurata, seremala wa miaka sabini na sita anayeishi ng'ambo ya mto, aje kutukagulia.

Mwenye nyumba, Bi Shizue, alitufungulia mwenyewe. Alizaliwa humo, sasa anakaa mjini kwa binti yake. Alituomba radhi kwa vumbi, akaketi kizingitini, asitake kuingia.

Kurata alivua viatu, akaanza kugonga nguzo kwa kidole huku akisikiliza. Akajipenyeza chini ya sakafu, akatoka na utando wa buibui kwenye nyusi. Bafu lilikuwa limeliwa na mchwa, alisema, na paa la kaskazini linavuja.

"Bwana Takeomi, umekuja kununua nyumba au kufuga mchwa?"

Nikajua basi, yameisha. Lakini fundi akaegemeza ngazi, akasukuma ubao wa dari, kichwa kikapotea gizani. Nikasikia akigonga huko juu, taratibu, mahali baada ya mahali. Aliposhuka, aliniambia kwa sauti ya chini nipande nami.

Juu palinuka moshi wa zamani. Tochi ikaangaza msonobari mmoja mzima, mnene kuliko ninavyoweza kuukumbatia, umepinda vilevile ulivyoota mlimani, umevuka nyumba yote. Ulikuwa mweusi, unang'aa. Nguzo zilichongwa zikaufuata kila ulipopinda, na zilipokutana nao hata ukucha haukupita. Sikuona msumari. Ubavuni, kwa wino, yaliandikwa majina ya watu thelathini na wanane walioubeba kutoka msituni, miaka zaidi ya mia moja na thelathini iliyopita.

Nilimuuliza fundi kama angeweza kujenga hivi.

"Siwezi, mama," alijibu. "Kazi hii nimeifanya miaka sitini. Siwezi."

Nikaanza kuyasoma majina kwa sauti. Nilipofika la saba, nilisikia nyayo chini. Bi Shizue alikuwa ameingia, amesimama katikati ya chumba, uso ameuinua.

"Huyo ni baba wa babu yangu," alisema. "Endelea, mwanangu."

Kila jina alilitambua: huyu wa nyumba ya kinu, huyu kitukuu wake ndiye aliyekuwa akituletea barua. Ana miaka themanini na minne, na hakuwahi kujua kwamba majina yao yako juu ya dari.

Tulisaini mkataba wa kununua wiki iliyofuata. Ule ubao wa dari hatukuurudisha. Wageni wakiingia wanatazama juu kwanza.