Mifuko Myekundu ya Thieta

Chumba cha kufulia nguo za hospitali kiko nyuma ya wodi, karibu na matangi ya maji. Humo tulikuwa watu wa aina mbili. Sisi wa kudumu tulivaa aproni za bluu. Wenzetu walioletwa na kampuni walivaa za kijani, na mkataba wao ulikuwa wa miezi michache, ukiisha unaongezwa au hauongezwi. Tuliwaita wageni. Alikuwepo mgeni mmoja aliyeanza kazi kabla ya baadhi yetu, naye bado aliitwa mgeni.

Huyo jina lake lilikuwa Chapchap, kwa jinsi alivyokunja shuka. Ulimi wake nao ulikuwa hivyo hivyo.

"Mgeni, kikombe hicho kina mwenyewe," wifi yangu alimwambia siku moja saa ya chai.

"Najua, bibie. Nakisuuza tu, maana mwenyewe namuona amekipumzisha tangu wiki iliyopita."

Watu walicheka. Wifi hakucheka, lakini kikombe alikipokea kikiwa safi.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Nilipofiwa, ndugu wengine walikuja na pole zao wakaondoka nazo. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanileta kwa msimamizi, akanifundisha kazi mpaka nikaajiriwa. Hilo sijalisahau.

Nguo za thieta, yaani za chumba cha upasuaji, huja kwenye mifuko myekundu. Zina damu, na mara nyingine ndani yake husahauliwa sindano au mkasi. Lazima mtu azikung'ute moja moja kabla hazijaingia mashineni. Kazi hiyo ni ya wa kudumu peke yao. Sisi tulichanjwa kwa ajili yake. Wageni hawakuchanjwa, na mgeni akichomwa, hospitali itasema ni wa kampuni, kampuni itasema kachomewa hospitalini. Kwa hiyo wamekatazwa kugusa.

Mwaka mmoja mgongo wa wifi ulianza kumsumbua. Kuinama juu ya mfuko kukawa shida. Wakati huohuo msimamizi alitangaza kwamba imepatikana nafasi moja ya kudumu, na kwamba angetuuliza sisi wakongwe ni mgeni gani anafaa. Chapchap aliitamani aproni ya bluu kama mtu aliyekaa miaka bila kuzaa anavyotamani mtoto. Ana mapacha na mama mgonjwa, na kila mkataba ukikaribia kuisha alikuwa hali chakula vizuri.

"Chapchap, mwanangu," wifi akaanza kumwita, "hebu nifungulie mfuko huo. Siku ya kuulizwa, wa kukusemea ni mimi."

Akafungua. Kesho yake pia akafungua. Ikawa ndiyo desturi, wifi na chai yake, Chapchap na mifuko.

"Wifi, huyo hajachanjwa," nilimwambia.

"Leo unanifundisha kazi niliyokufundisha?"

Asubuhi moja mashine kubwa ikapiga kelele kama bati linalochanwa, kisha ikazima. Fundi aliingiza mkono mpaka begani, akatoa mkasi wa thieta uliopinda. Pipa la ndani lilikuwa limetoboka. Siku hiyo wodi zilikosa shuka na wagonjwa wawili wakarudishwa bila kupasuliwa. Msimamizi akasema baada ya chai atamwita mmoja mmoja ofisini, ajue ni nani aliyekung'uta nguo zile.

Wifi alinikuta kwenye kamba za kuanikia.

"Ukiulizwa, sema alijifungulia mwenyewe. Kiherehere chake nani hakijui?"

"Wifi, ulimwita. Nilisikia."

"Nilikuita na wewe siku ile, ulipokuwa huna mbele wala nyuma. Hilo nalo ulisikia?"

Akaondoka ameshika kiuno. Nilimaliza kuanika, nikaenda bombani kunawa, nikamkuta Chapchap ananisubiri.

"Mama, nakuomba. Sema sikuwepo. Sema nilikuwa huku nje naanika na wewe. Wifi yako ni wa kudumu, watamfokea, yataisha. Mimi wakisikia nimegusa tu, nimekwisha."

"Mwenzako naye kaniomba uongo wake."

"Wangu mdogo, mama. Hata Mungu atapita asiuone."

"Mungu hapiti, mwanangu."

Alitaka kucheka, akashindwa.

Ofisini nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Msimamizi akaniuliza nilichokiona. Nikamwambia kilivyokuwa, sikuongeza wala sikupunguza. Kwamba wifi alimwita, Chapchap akafungua, na kwamba haikuwa mara ya kwanza. Nilidhani nikisema yote, kila mmoja atabeba fungu lake.

Hukumu ilitoka kabla ya saa ya chakula. Wifi alipewa barua ya onyo. Chapchap alisitishiwa mkataba siku ileile.

Nilirudi ofisini bila kuitwa.

"Bosi, yule aliagizwa."

"Angekataa."

"Angekataaje, na aliyemwagiza ndiye wa kumsemea?"

"Mama, hayo mimi siyajui. Mgeni akigusa mfuko mwekundu, anaondoka. Ndivyo tulivyokubaliana na kampuni. Ungenyamaza, labda ningekuwa na pa kuanzia."

Chapchap alikuwa anavua aproni. Aliikunja vizuri, kama ya kumpa mtu zawadi, akaiweka juu ya meza. Wageni wenzake walijifanya wana shuka nyingi za kuhesabu.

"Sikulaumu, mama," aliniambia. "Umesema kweli. Ila uongo ule nilikuomba mimi. Ningeujibu mimi mbele ya Mungu."

Nilimsindikiza hadi getini. Mlinzi alimpokonya kitambulisho, ingawa kila asubuhi walikuwa wanataniana. Chapchap alivuka barabara, hakugeuka.

Usiku niliomba kama kawaida. Nilipofika mahali pa kutubu sikujua nitaje lipi. Nikamtaja yeye na wanawe, nikalala.

Wifi alikaa bila kunisemesha, kazini na nyumbani. Salamu alinitumia kupitia wanangu. Nafasi ya kudumu ilipewa mgeni mwingine, mpole, asiye na neno.

Kisha kampuni ikaleta msichana mpya wa kujaza pengo. Alipewa aproni ya kijani, akasimama katikati ya chumba akitafuta pa kushika. Saa ya chai ilikuwa imefika. Mifuko ya thieta ilikuwa imeletwa, imepangwa ukutani. Wifi alijimiminia chai, akakaa, akashika mgongo.

"Mwanangu," akamwita, kwa sauti ile laini. "Hebu njoo. Nifungulie huo..."

Niliweka pasi chini. Nilimtazama. Naye akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ile. Msichana alikuwa amefika, anasubiri kuambiwa.

"Huo mlango," wifi akamaliza. "Joto limezidi humu."

Msichana akafungua mlango. Wifi akaacha chai yake, akavaa glavu, akainama taratibu juu ya mfuko wa kwanza.