Rasta za Safari

Mimi ni msusi, na sijisifu: kichwa nikikishika mimi, mtu anatoka amependeza. Ila kichwa cha mwanangu siku ile nilikisuka kwa hasira.

Alikuwa anakwenda ng'ambo kusomea udaktari wa meno. Safari ya ndege mbili, na hajawahi kupanda hata moja. Kila mteja aliyeingia saluni alinipongeza, nami nikacheka mpaka mashavu yakauma. Wasichojua ni kwamba huko alikuwa anafikia kwa mdogo wangu, tumbo moja, titi moja, aliyehamia huko zamani na hakujaliwa mtoto. Sasa anapewa wangu, ameshaota meno, ameshaacha kukojoa kitandani, na kupika anajua. Kulima nilime mimi, kuvuna avune yeye! Wivu ulinikaba, nasema kweli.

Mwanangu alikaa chini katikati ya magoti yangu, simu mkononi.

"Mama mdogo kasema nisibebe shuka. Na koti atakuja nalo uwanjani."

"Aha."

"Kasema chumba changu kina dirisha la kuangalia bustani."

"Tulia, unachezesha kichwa."

Hakuwa anakichezesha. Nilikuwa navuta.

Nilimchagulia rasta nyembamba kabisa. Nikamwambia zitadumu, asihangaike kutafuta msusi ugenini. Hiyo ilikuwa sababu ya kusema. Ya moyoni ilikuwa nyingine: sikutaka mkono wa mdogo wangu ukiguse kichwa kile. Koti anunue, chumba apambe, lakini kichwa ni changu.

"Mama, unakaza."

"Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

"Mama mdogo anasema..."

"Mama mdogo, mama mdogo! Si umwite mama tu, yaishe?"

Niliona shingo yake imekakamaa, nikajua anaumia, na bado mkono wangu haukulegea. Tena ni mimi niliyemfundisha, tangu hajui kuvaa viatu, kwamba mama mdogo naye ni mama.

Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia akalia. Nywele zake zilinukia mafuta ya saluni yangu.

"Ukifika, unipigie mimi kwanza," nikamwambia. "Mimi kwanza, umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Hakupiga. Siku ya kufika kwake nilishinda saluni simu iko mapajani, nikamsukia mteja mistari iliyopinda mpaka akaguna. Simu ilipolia, alikuwa mdogo wangu, kwa video.

"Shikamoo, dada. Mtoto kafika."

"Marahaba. Mbona hajapiga mwenyewe?"

"Kichwa, dada. Kimemuuma ndege zote mbili, hakupata hata lepe la usingizi. Kafika paji limevimba, vipele mpaka kisogoni. Tangu tulipoingia ndani nafumua tu. Hivi ulimsuka wewe kweli? Wewe mwenye mkono mwepesi, uliyekuwa unanisuka mimi mpaka nasinzia?"

Nilitamani amtukane msusi mwingine.

Akageuza simu. Mwanangu alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mdogo wangu, macho amefumba. Upande mmoja rasta, upande mwingine nywele zake mwenyewe zimetimka. Nyuma yao lilikuwa dirisha, na bustani kweli ilikuwapo.

"Mama," akaita kwa sauti ya usingizi.

"Abee, mwanangu!" nikaitika upesi.

"Abee," akaitika mdogo wangu.

Macho hakuyafumbua. "Hapo nyuma ya sikio, mama. Panauma. Pole pole."

Mdogo wangu akanitazama kwenye simu, mkono wake umesimama hewani. Alikuwa ananiomba ruhusa, na mimi nilikuwa nimeshika chanuo huku, mbali, halinisaidii kitu.

"Anzia nchani," nikamwambia. "Usimvute."

"Najua, dada," akasema, na kweli hakumvuta.