Miguu ya Swaka

Siku Teresina alipopiga kelele dukani kwangu, wateja walikimbilia mlangoni wakidhani kuna nyoka. Hapakuwa na nyoka. Palikuwa na picha ya mtoto asiyemjua kwenye kompyuta yangu, naye ameigusa kwa kidole, analia na kucheka kwa pamoja.

Mimi ni Janepher, mtu wa Masaka. Nilikuja Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, kama Waganda wengi, nikafungua duka la intaneti mtaa wa Hai Mauna: kompyuta chache, mashine ya fotokopi na jenereta inayokohoa kama mzee wa sigara. Teresina aliuza chai chini ya turubai mbele ya duka. Yeye na mumewe Lako, fundi seremala, ni Wakuku, kabila la Kajo Keji. Walikulia ukimbizini Uganda, wakarudi na magodoro yao bendera mpya ilipopandishwa. Tulielewana mapema. Akichoka na Kiarabu cha Juba alikuja kupumzika kwenye Kiswahili changu, ingawa changu chenyewe kilikuwa na vilema vyake.

Mwaka 2013 alijifungua mtoto wa kiume, Swaka. Miezi ikapita sijamwona mtoto huyo kuanzia kiunoni kwenda chini. Joto la Juba unalijua au umelisikia, lakini Swaka alifungwa shuka hadi kifuani.

"Mama Swaka, mbona unampika mtoto?" nikamwuliza siku moja.

Akatazama huku na huku, akaingia naye ndani, akafungua shuka. Nyayo zote mbili zilikuwa zimekunjika kwa ndani, zinatazamana kama viganja vya mtu anayesali. Mtoto mwenyewe mnene, anacheka, hana habari.

"Majirani wanasema nilikanyaga kitu kibaya nikiwa na mimba," Teresina alisema kwa sauti ya chini. "Wengine wanasema ni mambo ya ukoo wa Lako. Mkunga yeye alisema Mungu ndiye anajua."

"Mungu anajua. Lakini hebu tuulize na hapa," nikamvutia kiti.

Kumbe kuuliza nako ni kazi. Kitu usichokijua jina utakiandikaje? Nikaandika kwa Kiswahili: mtoto miguu imepinda. Zikaja habari za matege na matangazo ya maziwa ya unga. Nikageukia Kiingereza changu cha shule, nikaandika mtoto kuzaliwa nyayo zikitazama ndani. Hapo ndipo tulipofungua mlango, na watu wa kila aina wakaingia. Mmoja alikuwa na mafuta ya kupaka, unalipa kwanza, mtoto anapona ndani ya wiki. Mwingine aliandika kwamba ni dhambi ya mama inayomfuata mtoto. Niliufunga ukurasa haraka, lakini Teresina alikuwa amekwisha kuusoma. Wa tatu akaapa kwamba mtoto wa namna hiyo hatembei maisha yake yote.

Teresina akainuka, akaanza kumfunga shuka tena. "Kalas, Janepher. Imetosha."

"Kaa, dada. Bado hatujaangalia picha."

Nikabonyeza. Mtandao siku hiyo ulikuwa unatambaa. Picha ikaanza kushuka kipande kwa kipande: nywele, macho, kitumbo, magoti. Jenereta ikakohoa, taa zikapepesa, nikaishika meza kana kwamba ndiyo inayoshikilia umeme. Kisha nyayo zikatokea.

"Swaka!" akapiga kelele. "Huyu ni Swaka! Angalia! Hii ni miguu yake!"

Tukashuka chini zaidi. Mtoto mwingine, miguu ileile. Mwingine tena, wa Kihindi. Mwingine mweusi kama sisi. Teresina alikuwa anawahesabu kama mtu aliyekuta ndugu zake waliopotea. "Kumbe wako wengi! Wote hawa mama zao walikanyaga nini?" Na chini ya picha palikuwa na jina. Mguu kifundo. Baada ya kupata jina, kila kitu kikafunguka, maana sasa tulijua tunamtafuta nani.

Sikutaka tushangilie mapema. Mtandao hauna askari mlangoni, kila mtu anaingia na kusema lake. Kwa hiyo tukasoma tukiuliza: huyu anauza, au anafundisha? Tukaziacha kurasa za mafuta. Tukachukua za hospitali, zilizoandikwa na madaktari wa nchi mbalimbali wasiojuana, na zote zilisema jambo moja. Mguu unanyooshwa taratibu kwa mikono, unafungwa plasta, wiki inayofuata plasta inabadilishwa, na hivyo hivyo. Kisha daktari anakata kidogo ukano wa nyuma ya kisigino, halafu viatu maalumu. Na mtoto anatembea. Walikuwa wameandika hivyohivyo, anatembea, bila maneno mengi.

Jioni Lako akaja, maranda ya mbao yamemjaa kwenye nywele.

"Mashine yako imemshika mtoto wangu mguu?" akaniuliza bila salamu. "Imemwona wapi?"

Sikubishana naye. Nikamwekea video ya daktari akimhudumia mtoto mchanga. Lako akainama, uso karibu uguse kioo. Daktari alikuwa anasukuma mguu polepole, anashikilia, anasukuma tena kidogo.

"Havunji," Lako akasema. "Angalia, Teresina, havunji! Ni kama ubao mbichi. Unaupinda kidogo, unaufunga, unangoja. Ukiharakisha unapasuka." Akavuta kiti. "Rudia."

Nikarudia mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Kesho yake nikapiga picha miguu ya Swaka kwa simu, nikaituma kwa hospitali moja ya Uganda ambayo anwani yake ilikuwa kwenye ukurasa. Jibu likaja kabla ya chakula cha mchana! Huu ni mguu kifundo, waliandika, mleteni. Lakini kama mko Juba, huko kuna mtaalamu wetu anaitwa Fulgensio, namba yake hii. Teresina aliacha birika juu ya makaa, akapanda bodaboda na mtoto kifuani, nami nikamfuata na nyingine, tunapigiana kelele njia nzima.

Fulgensio alikuwa mtu mrefu mwenye mikono mikubwa yenye utulivu. Akaigusa miguu, akatabasamu.

"Jina la hali hii mmelipata wapi?"

"Kwenye intaneti," Teresina akasema.

"Eh! Siku nyingi intaneti inaniletea watu waliokwisha kupaka pilipili. Leo imefanya kazi." Akamfunga plasta miguu yote miwili, halafu akamwonyesha Teresina kidole gumba cha mguu wa Swaka. "Mama, hiki ndicho kitakusemesha. Ukikibonyeza kinakuwa cheupe, ukiachia damu inarudi. Isiporudi, au kidole kikiwa baridi na cheusi, usinisubiri. Lowesha plasta kwa maji ya vuguvugu, uifungue."

Plasta ya pili ikaja, na ya tatu. Kila ilipofunguliwa, miguu ilikuwa imesogea. Teresina aliacha kufunga shuka. Aliwaita wateja wa chai waje waone.

Kisha Desemba, vita vikaanza Juba.

Wale watu wa Hai Mauna waliokuwa wakicheka barazani Jumapili, Jumatatu walikuwa wamelala kifudifudi majumbani mwao wakikwepa risasi. Lako alikuja kunichukua dukani, tukalala sakafuni kwao, milio inapita juu ya mabati. Simu hazikushika, mtandao haukuwapo. Teresina alikuwa na Swaka mkononi, kila mara anabonyeza kidole. Cheupe, chekundu. Cheupe, chekundu. Halafu akanishika bega.

"Janepher, damu hairudi."

Nikagusa. Baridi. Vidole vimevimba, rangi ya zambarau.

"Fulgensio..." Lako akaanza.

"Hayupo," Teresina akasema. "Nipe birika."

Maji yalikuwa yamebaki ya vuguvugu. Aliyamimina kwenye matambara, akaizungushia plasta, akangoja, akamimina tena, mtoto anapiga mayowe na risasi zinajibu. Akatafuta mwisho wa bendeji kwa kucha. Akaupata. Tukafungua mzunguko baada ya mzunguko, matope meupe yanatuchuruzika mikononi. Mguu ukatoka. Tukaubonyeza. Cheupe... cheupe bado... kisha wekundu ukapanda taratibu hadi kwenye ukucha! Lako akasahau vita, akasimama wima. Tulimvuta suruali akaanguka juu yetu, na tukacheka, jamani, tulicheka tukiwa tumelala sakafuni.

Barabara ilipofunguka tukapanda lori la kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda, wote wanne. Duka nililiacha limefungwa kwa kufuli ambalo sikutegemea kulikuta. Plasta ya mguu wa pili nayo tulikuwa tumeifungua kwa hofu, na ndani ya lori Teresina alikuwa anatazama miguu ya Swaka ikianza kujikunja tena bila plasta. "Imerudi nyuma," alisema, na tangu siku ile ya kompyuta ndiyo mara pekee niliyomwona amekata tamaa.

"Haijarudi mwanzo," Lako akamwambia. "Ubao ukishajifunza haurudi wote."

Tulipovuka mpaka, mtandao ukashika, na simu yangu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa Fulgensio, yu hai. Alikuwa ameandika maneno mawili tu: "Vidole vipi?" Tulimpigia pale pale, watu watatu wakizungumza kwa wakati mmoja, naye akatuambia amefika kwa ndugu zake Kajo Keji.

Ile hospitali ya Uganda ikampokea Swaka. Plasta zikaanza upya, ukano ukakatwa, vikaja viatu vilivyounganishwa kwa chuma, ambavyo Swaka alivichukia kwa moyo wake wote.

Baadaye nilisafiri kutoka Masaka kwenda Adjumani, walikopanga. Lako alikuwa anaranda mbao uani. Swaka alikuwa amesimama ameshika benchi la baba yake, miguu bapa juu ya ardhi, visigino chini. Teresina akatoka jikoni, akaniona, akafungua mikono ili anikumbatie. Mtoto akadhani mikono ile ni yake. Akaliachia benchi. Akaenda hatua moja, ya pili, akayumba, akakanyaga maranda, ya tatu, kisha akaanza kukimbia kwa sababu kusimama njiani bado hakujui.

"Lako!" Teresina alipiga kelele. "Lako, acha mbao! Anakuja!"

Vigelegele alivyopiga viliwatoa majirani wote nje.